Ningu wa Mvua za Kwanza

Mvua ya kwanza ya vuli ilipoanza kupiga bati, Evelina alikuwa macho tayari. Alisikia matone machache upande wa jikoni, kisha kimya, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Miaka yote ya ndoa yake kelele hiyo ilifuatwa na nyingine: Nkwabi akitupa shuka pembeni, akipapasa ukutani kutafuta koti lake la mvua, akitoka uani kuchimba minyoo kando ya karo. Safari hii mvua ilinyesha mpaka kukapambazuka, na upande wa pili wa kitanda hakuinuka mtu.

Nkwabi alikuwa amefariki mwezi wa nne. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba, mtu wa maneno machache, na hata kifo chake hakikuwa na maneno. Aliweka kikombe cha chai mezani, akaegemea kiti, basi. Baada ya arobaini ndugu walirudi Misungwi, na mtoto wao Alexander akarudi Dodoma kwenye kazi yake. Evelina akabaki na nyumba ya Butimba, na cherehani yake iliyokuwa kwenye baraza la duka moja Mabatini. Mchana alishona. Jioni alirudi, akapika chakula kingi kuliko alivyohitaji, kwa sababu mkono wake ulikuwa haujajifunza kupima unga wa mtu mmoja.

Kila mwaka mvua za kwanza ziliponyesha, Nkwabi aliomba ruhusa kazini, akachukua ufito wake wa kuvulia, akaenda mto mdogo ulio mbele ya Usagara kutafuta ningu. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini mito ikianza kuleta maji mapya huliacha ziwa na kupanda mtoni kwenda kutaga. Anayewataka lazima awawahi siku hizo za mwanzo, maana wakishapita wamepita. Jioni Nkwabi alirudi na samaki wawili watatu amewatunga kwenye unyasi. Aliwaweka ndani ya karai, akasema, "Haya, mama Alex," akaenda kuoga.

Evelina aliwapika kwa nyanya na vitunguu, akamtengea, akala naye. Kila mwaka alikula kwa moyo mgumu.

Juma lile la mvua za kwanza ndilo lililomchukua mtoto wao wa kwanza. Rose alikuwa na miaka sita. Alipatwa na homa jioni moja, na kabla ya juma kwisha walikuwa wamemzika Misungwi, kwenye shamba la wazazi wa Nkwabi, udongo ukiwa tope na watu wakishikana mikono wasiteleze. Mwaka uliofuata, mvua iliponyesha, Nkwabi alichukua ufito akaenda kuvua. Evelina alisimama mlangoni akamtazama akiondoka, akasema moyoni: mwanamume huyu amesahau. Hakumwambia. Maneno hayo yalikaa ndani yake zaidi ya miaka ishirini, na kila mvua ya kwanza yalipata nguvu mpya.

Sasa mwenye kwenda mtoni hakuwepo, na bado mvua ilikuwa imekuja. Evelina alikaa kitandani akiisikiliza mpaka akaona hawezi kuendelea kuisikiliza ndani ya nyumba ile. Aliinuka bila kujua hasa anachokwenda kufanya. Alishusha ufito kutoka kwenye paa la jiko, akauweka karibu na mlango, akachukua jembe.

Jirani yake, Bimdogo, alikuwa akikinga maji ya mvua upande wa pili wa ukuta.

"Mama Alex, unachimba nini asubuhi yote hii?"

"Minyoo."

"Ya nini?"

"Ya samaki."

Bimdogo aliweka ndoo chini. Alikuwa mjane wa siku nyingi, na alijua kuna mambo mtu haulizwi mara mbili. "Nikusindikize?"

"Hapana, dada. Jioni nitakuwa nimerudi."

"Basi jifunike kichwa," Bimdogo akasema. "Hii mvua ya mwanzo ina baridi mbaya."

Kufika Usagara mvua ilikuwa imekatika. Pikipiki ilimpeleka mpaka pale barabara ya vumbi ilipogeuka tope, na mwendo uliobaki akautembea, kandambili mkononi, ufito begani. Watu waliokuwa wakilima mashambani waliinua vichwa. Mwanamke mtu mzima, kavaa khanga za heshima, anatembea peke yake na ufito wa kuvulia. Walimwamkia, naye akawaitikia, hakuna aliyemuuliza.

Mto aliusikia kabla ya kuuona. Haukuwa mkubwa. Kiangazi, Nkwabi aliwahi kusema, ng'ombe waliuvuka bila kulowa magoti. Siku hiyo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba majani makavu, mabua na povu, ukijisukuma kati ya mawe. Pale mawe yalipoubana, mwanamume mmoja mwenye ndevu za mvi alikuwa amesimama majini hadi mapajani, akipanga migono yake, vile vikapu virefu vya fito ambavyo samaki akiingia hapati njia ya kutokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alimtazama yeye, kisha akautazama ufito. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Mzee alitoka majini polepole, huku akiukazia macho. "Huo ufito naufahamu. Huo ni wa Nkwabi."

"Ni mume wangu," Evelina akasema. "Alifariki mwezi wa nne."

Mzee alivua kofia yake. Akaishika kifuani, maji yakimchuruzika miguuni.

"Pole sana, mama. Huku hatukupata habari. Tena usiku huu mvua ilipoanza nilimwambia mke wangu, Nkwabi leo atakuja. Mimi naitwa Ngosha. Tumeonana naye hapa miaka mingi." Akaivaa tena kofia, akamtazama Evelina kwa upole, kama mtu aliyesikia habari za mwenzake kwa muda mrefu na sasa anamwona uso kwa uso. "Kwa hiyo wewe ndiye Rose."

Evelina aliushusha ufito begani. Alitafuta jiwe, akakaa.

"Nani alikutajia jina hilo?"

"Hakunitajia," Ngosha akasema, sasa akiwa na wasiwasi. "Nilimsikia. Kama nimekosea, mama, unisamehe."

"Hujakosea. Niambie ulichosikia."

Ngosha alichuchumaa karibu naye. Hakuwa na haraka, na hakujua kwamba alichokuwa akisimulia kilikuwa kikubwa.

"Alikuwa anakaa pale," akasema, akionyesha jiwe bapa lililoingia mtoni kidogo, chini ya kichaka cha matete. "Anatupa mshipi, anakaa. Mwanzoni nilidhani hajui kuvua, maana siku nzima hapati kitu na wenzake tunapata. Mwaka mmoja mshipi wake ulinasa kwenye mizizi, nikaingia majini kumsaidia. Nikaikuta ndoano tupu. Haina mnyoo. Na kopo la minyoo liko hapo pembeni yake, limejaa. Jioni akiondoka anaimwaga kwenye majani. Tangu siku hiyo nikajua hakuja kuvua."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kuongea. Taratibu, hivi, kama mtu anayeongea na aliyekaa karibu naye. Mimi nina kazi zangu, sikuwa nasikiliza. Ila jina nilisikia. Rose hivi, Rose vile. Nikajua ni mke wake wa nyumbani. Nikawa namwambia mke wangu, kuna mtu mtoni anampenda mkewe mpaka akiwa mbali naye lazima aongee naye." Ngosha akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Jua likishuka ananawa uso, anakuja kuniomba samaki wawili watatu, anatunga, anaondoka. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka."

Evelina aliyatazama maji.

"Rose ni mtoto wetu," akasema. "Alifariki akiwa na miaka sita. Mvua kama hizi."

Ngosha aliinuka, akamgusa bega kidogo kwa ncha za vidole, akarudi kwenye migono yake, akampa mgongo ili awe peke yake.

Kuna wakati Evelina alikuwa akiitwa mama Rose, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo. Baada ya maziko ni yeye aliyepita kwa majirani, mmoja mmoja, akawaomba wamwite mama Alex. Ni yeye aliyezifunga nguo za mtoto kwenye shuka akazipeleka kanisani wapewe wenye shida. Picha yake aliiweka chini kabisa ya sanduku. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa na mtoto mwingine anayenyonya, na aliona akiruhusu jina lile lipite ndani ya nyumba hataweza kuamka asubuhi. Nkwabi hakumpinga. Mara moja tu, miaka miwili mitatu baadaye, wakiwa wanakula, alisema, "Rose sasa angekuwa darasa la tatu." Evelina aliacha tonge kwenye sahani, akainuka, akatoka nje, akakaa uani mpaka sahani zikaondolewa. Nkwabi hakulitaja tena.

Sasa, juu ya jiwe, kwanza alikasirika. Alimkasirikia marehemu kwa ndoano yake tupu na samaki wa kuomba, kwa kumwacha alishe kinyongo miaka yote hiyo bila kumrekebisha. Kisha hasira ikakosa pa kushika. Angemrekebishaje? Angemwambia lini, wakati ni yeye aliyeinuka mezani? Watu wawili walikuwa wameomboleza mtoto mmoja chini ya bati moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na sasa mmoja hayupo wa kuambiwa.

Alilia kidogo, si sana. Kisha akainuka, akaenda kwenye jiwe bapa, akakaa pale Nkwabi alipokuwa akikaa. Jiwe lilikuwa baridi. Kutoka hapo mtu hakuona barabara wala mashamba, matete na maji tu.

"Rose," akasema.

Alisubiri. Alidhani neno lingeleta lingine, kama lilivyokuwa likimletea mumewe. Halikuleta. Lilianguka majini likaenda na povu. Alijaribu tena, akaona anaisikiliza sauti yake mwenyewe, sauti ya mwanamke mzee anayeita mtu ambaye hakumwita kwa muda mrefu mno. Hakujua kuongea na mwanawe. Nkwabi alikuwa amejifunza mwaka hadi mwaka, naye hakuwa na wa kumfundisha.

Akafungua kopo la minyoo aliyoichimba asubuhi, akachukua mnyoo, akautia kwenye ndoano. Hilo angalau mikono yake iliweza.

Ngosha alimwona akihangaika na mshipi, akasogea. "Usiutupe mbali. Ningu anakula chini. Acha ndoano iburuzwe na maji taratibu, iguse mawe. Ukisikia kama mtu anagonga mlango kwa kidole kimoja, usivute. Ngoja agonge tena."

"Bado wapo?"

"Wachache. Zamani siku kama hii maji yalikuwa yanachemka kwa samaki. Sasa wanategwa kule chini mto unapoingia ziwani, hata hawajaanza safari. Lakini wapo wanaopenya."

Muda ulipita. Jua lilitoka, likaingia mawinguni. Ndoano ilinasa kwenye mawe, akainasua. Minyoo ikaliwa na visamaki asivyoviona, akaweka mingine. Mara kadhaa alihisi kitu akavuta mapema, akapata ndoano tupu, akaelewa kwamba hata mtu mwenye chambo anaweza kukaa hapa siku nzima na kuondoka mikono mitupu.

Mchana ulipoanza kupungua, maji yalibadilika. Yalipanda jiwe, yakamfikia kwenye visigino. Juu huko mvua ilikuwa imenyesha tena. Ngosha alikuwa ameanza kuitoa migono yake mmoja mmoja.

"Mama, tuondoke hapo," akaita. "Mto unakuja."

Evelina alikuwa akikunja mshipi ndipo kidole kilipogonga. Aliganda. Kikagonga tena, kisha ufito ukapinda mpaka ncha yake ikaingia majini.

Hakujua kwamba samaki ana nguvu hivyo. Alivutwa hatua mbele, mguu ukateleza pembeni mwa jiwe, akajikuta ndani ya maji hadi magotini, khanga imemshika miguu, mto ukimsukuma ubavuni. Aliogopa, lakini mikono haikuachia. Ngosha alikuwa akija kupitia matete.

"Mwache akimbie. Usishindane naye. Akichoka ndipo umlete."

Akamwacha akimbie. Mshipi ulikata maji kushuka, ukapinda, ukarudi. Alisikia kila mara samaki alipotikisa kichwa, kupitia ule mpini wa mpira. Hakuwaza chochote, wala mume wala mtoto. Kwa muda ule mfupi walikuwa mtu na samaki tu. Ngosha alimshika mkono kwenye kiwiko, wakarudi nyuma pamoja hatua kwa hatua mpaka kwenye majani, na samaki akateleza juu ya tope, akipigapiga mkia.

Alikuwa ningu mnene, mgongo wa rangi ya kijani iliyofifia, mdomo ukitazama chini. Tumbo lilikuwa limejaa mayai.

"Jike," Ngosha akasema. "Safi kabisa. Ngoja nikuongeze wawili kutoka kwangu."

"Hapana, mzee. Huyu atanitosha."

Ngosha alimtunga kwenye unyasi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alimsindikiza mpaka barabarani, na kule nyuma yao lile jiwe bapa lilikuwa limeshafunikwa. Kabla ya kuagana alikuna ndevu zake.

"Mama, yale niliyosema asubuhi. Sikujua."

"Ningejuaje mimi usingesema," Evelina akajibu. "Msalimie mkeo."

Alifika Butimba giza likianza. Alimpara samaki uani, akampasua, akaweka mayai pembeni, akapika kama alivyopika siku zote, nyanya na vitunguu. Mikono yake ilinuka mto. Ugali alioupika ulikuwa tena wa watu wawili. Alitenga sahani moja, akakaa, hakula. Alichukua simu akampigia Alexander.

"Shikamoo mama. Uko salama? Sauti yako iko mbali."

"Marahaba. Niko salama. Leo nilikwenda mtoni."

"Mto gani?"

"Ule wa baba yako."

Evelina alimsikia akitoka mahali penye watu na kufunga mlango.

"Alex," akasema, "kabla yako kulikuwa na dada yako. Anaitwa Rose. Sikuwahi kukuambia."

"Najua, mama."

"Unajuaje?"

"Baba aliniambia. Nilipomaliza kidato cha nne, tulipokwenda Misungwi kulima, alinionyesha kaburi. Tukalipalilia. Kila tukienda tulikuwa tunalipalilia." Alisita. "Alisema nisikutajie. Alisema wewe uliumia kupita sisi wote, na kama kunyamaza kunakusaidia basi tunyamaze."

Evelina alishika ukingo wa meza. Kwa hiyo hata huyu. Baba na mwana walikuwa na Rose wao, huko shambani na huko mtoni, na yeye aliyemzaa ndiye peke yake aliyekaa nje ya mlango, kwa sababu mlango aliufunga mwenyewe nao wakaogopa kubisha.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Alikuambia nini kumhusu?"

"Mambo madogo madogo."

"Niambie moja."

Alexander alifikiri. "Kuna siku, mwaka mmoja kabla hajafariki, ulikwenda Ukerewe msibani, ukanibeba mimi, Rose akabaki na baba. Mvua zikawa zimeanza, akampeleka mtoni kumwonyesha ningu wanavyoruka mawe. Rose akataka kuwashika. Akaingia, ndala yake moja ikachukuliwa na maji. Zilikuwa nyekundu. Baba anasema alilia mpaka Usagara, anasema mama atanichapa. Baba akazunguka maduka yote ya Usagara kutafuta nyekundu zinazofanana. Akazipata, ila namba yake haikuwepo, akanunua kubwa zaidi. Wakakubaliana wasikuambie."

Evelina alikuwa akiziona. Alirudi kutoka Ukerewe akamkuta mtoto anaburuza ndala kwenye sakafu, akadhani mwanawe amepungua, amekosa kula vizuri alipokuwa hayupo. Alikuwa amezifunga kwa uzi wa cherehani ili zisimvuke.

"Nilizifunga kwa uzi," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Zilikuwa zinamvuka. Nilizifunga kwa uzi mweusi, nyuma, hivi." Alikuwa anaonyesha kwa mkono, ingawa hapakuwa na mtu wa kuona. "Naye alininyamazia tu, ananitazama."

Alexander alicheka kidogo, kisha akawa hacheki. Mtu akamwita upande ule.

"Natakiwa kazini, mama. Niko zamu. Kesho nitakupigia. Yapo mengine aliyoniambia."

"Sawa, baba. Kesho."

Simu ilipokatika nyumba ilirudi kuwa kama ilivyokuwa. Upande wa pili wa ukuta Bimdogo alikuwa akisonga chakula chake, mwiko ukigonga sufuria. Evelina alivuta sahani. Ningu ana miiba mingi, myembamba kama nywele, na hana haraka mtu anayemla. Alikula polepole, akiitoa mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani.